Tusiifute 10.9

Muhula uliopita, katika maabara ya shule ninayofundisha hapa Bagamoyo, niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu jaribio ambalo kila aliyesoma fizikia nchini amelipitia: kufunga kigololi kwenye uzi, kukiachia kibembee, kupima muda wa mibembeo ishirini, kisha kukokotoa mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia, yaani jinsi kasi ya kitu kinachoanguka inavyoongezeka, ambao vitabu vinautaja kuwa takriban 9.8. Makundi yote yaliniletea 9.8 au 9.7. Nilipoinua daftari moja kuelekea dirishani, niliona chini ya 9.8 alama za namba iliyofutwa, nayo ilikuwa 10.9. Nilipowauliza, kiongozi wa kundi alinijibu kwa sauti ya chini, "Tulikosea, mwalimu." Walikosea wapi? Hawakujua. Walijua tu kwamba haikuwa namba ya kitabu.

Namba ile ndiyo iliyokuwa na maelezo yote. Mwanafunzi anayetamka "moja" wakati anapoachia kigololi, badala ya "sifuri", akifika ishirini atakuwa amepima mibembeo kumi na tisa tu. Muda wa mbembeo mmoja utapungua kwa sehemu moja ya ishirini, na kwa kuwa katika kanuni muda huo huzidishwa kwa wenyewe, kisha jibu lake ndilo hugawanya, mchapuko utapanda kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Jibu linakuwa karibu 10.9. Waliifuta namba iliyokuwa ikiwaonyesha kosa lao kwa kidole.

Wanafunzi hao hao hupenda kutazama roketi za majaribio kwenye simu za wazazi wao. Tarehe 20 Aprili 2023, Starship, roketi kubwa ya kampuni ya Marekani ya SpaceX, iliporushwa kwa mara ya kwanza ikiwa kamili kutoka Boca Chica, Texas, ilivunjika angani baada ya takriban dakika nne, na wafanyakazi wa kampuni hiyo wakashangilia. Nimesikia watu wakisema kwamba hicho ni kiburi cha matajiri, na nimesikia wengine wakiligeuza tukio hilo kuwa mahubiri ya kwamba anayeanguka mara nyingi ndiye atakayefanikiwa. Sikubaliani na upande wowote. Kuanguka peke yake hakufundishi kitu. Kinachofundisha ni kipimo kilichotunzwa kabla ya kuanguka, pamoja na uhuru wa kukisoma kama kilivyo.

Roketi ndogo ya kampuni hiyo hiyo, Falcon 1, inalionyesha jambo hili vizuri zaidi. Mara ya kwanza ilirushwa tarehe 24 Machi 2006 kutoka kisiwa cha Omelek, katika Visiwa vya Marshall, ikashika moto na kuanguka kabla ya dakika moja kwisha. Lawama za mwanzo ziliwaendea mafundi walioshughulikia bomba la mafuta siku moja kabla. Uchunguzi ulipokamilika, chanzo kilionekana kuwa nati ya alumini iliyoliwa na hewa ya chumvi ya bahari. Sisi wa Bagamoyo, ambao tunajua hewa hiyo inavyoyala mabati na misumari yetu, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Kama wangetosheka na lawama, wangemfukuza fundi na kuiacha nati ile ile ipasuke tena; badala yake walitumia nati za chuma kisichoshika kutu.

Jaribio la pili, la Machi 2007, lilifika mbali zaidi lakini likashindwa. La tatu, la tarehe 3 Agosti 2008, ndilo ninalolirudia darasani. Injini ilikuwa mpya, ikipozwa kwa mafuta yanayopita ndani ya kuta zake, na baada ya kuzimwa ilibaki na msukumo mdogo sana. Ardhini msukumo huo haukuonekana kwa sababu kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, iliuficha. Huko juu, ambako karibu hakuna hewa, ulitosha kuisogeza sehemu ya chini ya roketi ikaigonga ya juu mara tu zilipoachana. Dawa yake ilikuwa kuongeza muda mfupi wa kusubiri kabla ya sehemu hizo kuachana. Tarehe 28 Septemba mwaka huo huo, Falcon 1 ilifika kwenye mzingo wa kuizunguka dunia.

Mafundi wa vyombo wa ufukweni kwetu wanaielewa hali hiyo bila roketi. Chombo hukalafatiwa, yaani mianya ya mbao zake huzibwa, kikiwa nchi kavu na kupakwa mafuta ya deheni, lakini ni kinaposhuliwa majini tu ndipo fundi, akiwa ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, anapoona maji yanapenyea wapi na mshono upi unahitaji kurudiwa.

Yapo mambo ambayo hayawezi kusamehewa kwa jina la kujifunza. Tarehe 22 Agosti 2003, roketi ya Brazili iliwaka ikiwa bado kwenye jukwaa la Alcântara na kuua watu 21. Januari 2025 mabaki ya Starship yaliangukia eneo la Turks na Caicos, na ndege za abiria zikalazimika kubadili njia. Anayefanya jaribio ana haki ya kupoteza chombo chake. Hana haki ya kuhatarisha uhai wa mtu ambaye hakuulizwa.

Lakini hapa kwetu hatari kubwa zaidi ni hofu ya aibu, na hofu hiyo huanzia kwa mkubwa. Roketi ya India, SLV-3, ilipoanguka baharini tarehe 10 Agosti 1979, mkuu wa shirika la anga za juu, Satish Dhawan, aliwakabili waandishi wa habari yeye mwenyewe na kuubeba mzigo. Ilipofanikiwa mwezi Julai 1980, alimwachia Abdul Kalam, aliyeongoza mradi huo, azungumze nao. Mimi kwa miaka mingi nilifanya kinyume: niliwapa alama zote waliopika majibu, na nikamkaripia aliyeleta namba yake halisi.

Sasa ufutio hauingii maabara yangu. Namba inayotiliwa shaka hukatwa kwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, na mwanafunzi hupata alama akieleza anachodhani kimeipotosha. Baadhi ya walimu wenzangu wanahofia kwamba nawaumiza watoto, kwa kuwa mtihani wa taifa hautawapa alama kwa maelezo hayo. Hofu yao ni ya kweli, na ningependa wanaotunga mitihani waisikie.

Kundi lile lilirudia jaribio, likaanza kuhesabu kwa sifuri, na likapata 9.7. Katika daftari lao 10.9 imeandikwa upya na kukatwa kwa mstari mmoja, na pembeni yake yapo maneno mawili kwa kalamu ya wino: tulianzia moja.