Usimchape mbwa kwa sababu amenguruma

Baridi ya Juni na Julai huku Mbeya huwakusanya wote ndani. Mtoto anataka mkeka ulio karibu na jiko, kijibwa naye anautaka huohuo. Ndiyo miezi ambayo mbwa mdogo, mpole kabisa akiwa uani, huanza kumngurumia mtoto wa miaka miwili kwa ajili ya mfupa, kochi au mapaja ya mama. Baba naye hutafuta fimbo. Kwa maoni yangu, fimbo hiyo ni ya hatari kuliko mngurumo.

Mbwa anayelinda kitu chake haanzi na kuuma. Kwanza hula kwa pupa zaidi mtu akisogea. Kisha hukakamaa, kichwa kimeinamia sahani, jicho likitazama pembeni hadi weupe wake unaonekana. Hapo mdomo huinuka, hunguruma, hudaka hewa, na mwisho kabisa ndipo meno. Ukimchapa kila anaponguruma atajifunza kunyamaza, lakini hofu ya kunyang'anywa inabaki palepale, tena sasa anajua mtoto akija na kipigo kinakuja. Ndipo tunasikia, "Kauma tu, hata hakutoa sauti."

Kinachoniudhi zaidi ni kicheko. Kwa kuwa ni mdogo, watu humwona kichekesho. Angekuwa mbwa mkubwa angefungwa siku ileile. Wanasahau kwamba uso wa mtoto anayetambaa uko usawa wa mdomo wa kijibwa huyo.

Kuna pia wanaotia mkono kwenye sahani ya mbwa akiwa anakula, eti azoee. Mfanyie hivyo mgeni aliyekaa mbele ya sahani ya pilau uone kama atazoea.

Anza na mpangilio wa nyumba. Mbwa ale peke yake, mlango umefungwa, na sahani iondolewe baada ya dakika 15 hivi, yeye akiwa ameshatoka. Mifupa isiingie sebuleni (ya kuku iliyopikwa asipewe kabisa, huvunjika vipande vyenye ncha). Mtoto ale ameketi, asizunguke na andazi mkononi. Na mtoto wa chini ya miaka mitano asiachwe peke yake na mbwa. Kuwaangalia maana yake uwe karibu kiasi cha kuwafikia kwa mkono. Kuchungulia kutoka jikoni huku unasonga ugali hakutoshi.

Mazoezi ya kumfundisha mbwa asiogope kunyang'anywa ni kazi ya mtu mzima, watoto wasiwepo. Chemsha maini bila chumvi, ukate vipande vya ukubwa wa punje ya harage. Mbwa akila, simama mbali, mita mbili au tatu, pale ambapo bado hajakakamaa. Mrushie kipande, ondoka. Rudia mara tano kila mlo. Akianza kuinua kichwa kwa furaha anapokuona, sogea nusu hatua. Akikakamaa umeharakisha, rudi nyuma. Wengi huharibu hapa: siku ya tatu wanaona mafanikio, wanamwita mtoto ajaribu. Usimwite.

Akishika kiatu au mdoli wa mtoto usimfukuze wala kumpanua mdomo. Mpe ini, achie mwenyewe. Kama kitu hakina madhara, mrudishie mara kadhaa ili ajue kuachia si kupoteza. Akiwa kwenye kochi mwite ashuke kwa kipande cha ini, usimvute shingo. Mbwa akiwa mapajani mwako akamngurumia mtoto, simama taratibu bila neno. Atashuka, na mapaja yamekwisha.

Ukali ulioanza ghafla ni suala jingine. Jino bovu, sikio lenye usaha au maumivu ya mgongo humfanya mbwa asitake kuguswa. Kichaa cha mbwa nacho hubadilisha tabia, hivyo asisogelewe kabla daktari wa mifugo hajapigiwa simu. Chanjo ya kichaa huanza akiwa na miezi mitatu, hurudiwa kila mwaka.

Akiuma na ngozi ikachubuka, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke mtoto hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wenu na ana cheti cha chanjo. Mbwa msimuue kwa hasira. Mfungieni mahali salama, afisa mifugo apewe taarifa, kwa sababu atahitaji kuangaliwa kwa siku 10, na hali yake humsaidia daktari kuamua kuhusu sindano za mtoto.