Mhuri Siyo Ushahidi

Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hapa Mbagala wakiona "taarifa kwa umma" inazunguka WhatsApp, wanatafuta kwanza nembo ya taifa, halafu mhuri, saini na kumbukumbu namba. Vikiwepo vyote, wanaamini na kusambaza. Kumbe hivyo ndivyo vitu rahisi kughushi kuliko vyote. Mwenye simu na dakika chache anavipachika.

Inaniuma kwa sababu tuliowazoesha ni sisi walimu. Tangu kidato cha kwanza wanasoma vyanzo vya historia: masimulizi, maandishi, akiolojia. Mada nzuri mno, na tunaiua kwa kukaririsha faida tano, hasara tano. Mtoto anaandika kwamba masimulizi huongezwa chumvi, anapata vema, na jioni anasambaza sauti ya mtu asiyemjua.

Mwaka 2017, Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwapa wanahistoria 10, wanafunzi 25 wa chuo hicho na wahakiki habari 10 tovuti wazipime kama zinaaminika. Wanahistoria na wanafunzi wengi waling'ang'ania ukurasa uleule na kudanganywa na mwonekano wake. Wahakiki waliutoka mapema, wakaenda kutafuta kwingine wenye tovuti ni nani na watu wengine wanasema nini juu yao. Hao ndio waliofika kwenye ukweli haraka zaidi. Kama wanahistoria walinaswa, tusiwalaumu watoto wa Mbagala.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kumfundisha mwanafunzi ni kutoka kwenye ujumbe. Umeletewa tangazo la kimbunga? Usiukodolee macho mhuri, nenda kwenye kurasa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, uone wameandika nini, tarehe gani, saa ngapi. Tarehe ndiyo inayosahaulika zaidi. Aprili 2021 TMA ilitahadharisha kuhusu Kimbunga Jobo, ambacho kilipungua nguvu kabla ya kufika pwani. Mei 2024 ikatahadharisha kuhusu Hidaya, na hicho kilifika kweli, kikapiga kisiwa cha Mafia. Tangazo halali la Jobo likisambazwa siku za Hidaya, mhuri ni wa kweli na habari inapotosha.

Wapo wanaoona kitisho cha sheria kinatosha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kweli ina adhabu kali kwa anayechapisha taarifa za uongo. Lakini mtoto aliyetishwa anajifunza kunyamaza tu. Kuhakiki hajui bado.

Nitaambiwa simu haziruhusiwi shuleni. Sawa, mwalimu achapishe tangazo kwenye karatasi, na mengine mawili ya chanzo tofauti, awagawie darasani. Na kwenye mtihani, badala ya "taja hasara tano za masimulizi", tuwape taarifa mbili zinazopingana, waeleze ipi wataiamini na wangekwenda wapi kuihakiki.