Wimbi la Mshtuko Kwenye Uso Ulioinama: Mpaka Ni Pembe Ipi?

Wakati wa kusi, wimbi la bahari linalosafiri karibu sambamba na ukuta wa mawe hapa Mombasa aghalabu halirudishwi moja kwa moja: sehemu yake iliyogusa ukuta huinuka, ikasimama wima dhidi ya mawe na kukimbia nayo. Umbo hilo hutokea pia kwenye gesi, na mwanafizikia Ernst Mach alilinasa mwaka 1878 kwa alama zilizobaki kwenye kioo kilichopakwa masizi. Uakisi wa kawaida una mawimbi mawili ya mshtuko (tabaka jembamba sana ambamo shinikizo la gesi hupanda ghafla), linaloingia na lililoakisiwa, yanayokutana kwenye uso wenyewe; ule wa Mach una matatu, la tatu likiwa shina linalosimama juu ya uso huo. Wanafunzi wa uhandisi huuliza ni katika pembe gani kati ya wimbi linaloingia na uso aina moja ya uakisi huipisha nyingine, na swali hilo halina jibu moja.

Mwaka 1943 mwanahisabati John von Neumann alitoa vigezo viwili. Cha kwanza husema uakisi wa kawaida hudumu mradi wimbi lililoakisiwa bado laweza kuupinda mkondo wa gesi ukarudi sambamba na uso. Cha pili hudai mabadiliko yatokee pale ambapo shinikizo la aina zote mbili ni sawa, ili lisiruke ghafla. Kwa hewa inayokwenda karibu mara 5 ya kasi ya sauti, kigezo cha pili hutoa pembe ya takriban nyuzi 31 na cha kwanza takriban 39. Katikati yake, aina zote mbili zinaruhusiwa na hesabu.

Wanaotetea kigezo cha kwanza wana ushahidi wa mirija ya mshtuko, ambamo wimbi hupita juu ya kabari iliyotulia na mabadiliko hutokea karibu kabisa na pembe ya kigezo hicho. Sababu yao ina uzito: shina lina urefu, na habari ya urefu huo hutoka kwenye ncha ya kabari, kwa hiyo haliwezi kuzaliwa kabla habari hiyo haijafika mahali pa uakisi. Udhaifu wao ni kwamba hali hiyo si ya mikondo yote.

Katika handaki la upepo, ambamo gesi hupulizwa mfululizo kupita kabari na mkondo hautulii kamwe kikamilifu, mabadiliko huweza kuja mapema, karibu na nyuzi 31. Mtafiti Hans Hornung na wenzake walibashiri mwaka 1979 kwamba historia ya mkondo ingeonekana: ukiongeza pembe polepole, uakisi wa kawaida ung'ang'anie, na ukiipunguza, shina lidumu. Majaribio ya miaka ya 1990 yaliwathibitisha. Kwa maoni yangu hoja hii ndiyo nzito zaidi, kwani inaeleza kwa nini maabara mbili makini hupata majibu tofauti bila yeyote kukosea.

Hata hivyo, kwa mishtuko dhaifu nadharia ya von Neumann ya mawimbi matatu haina suluhisho, ilhali picha zinaonyesha kitu kinachofanana na shina. Mtafiti Gottfried Guderley alipendekeza mwaka 1947 kuwapo kwa eneo dogo ambamo gesi huenda kwa kasi kuliko sauti, nyuma ya makutano ya mawimbi hayo, na dalili zake zikapigwa picha miongo kadhaa baadaye.

Anayesanifu mlango wa hewa wa injini ya ndege ipitayo kasi ya sauti asizitegemee nyuzi 39: usumbufu mdogo kwenye mkondo unaweza kuzalisha shina katikati ya mipaka hiyo, na gesi inayopita kwenye shina hupoteza sehemu kubwa ya shinikizo la jumla (lile ambalo ingekuwa nalo ikisimamishwa taratibu) ambalo injini ilikuwa inalihitaji.