Video ya wimbo humuuza nani kwanza, msanii au utanzu wake?

Ndani ya nganya, yaani matatu iliyopambwa, inayotoka katikati ya jiji la Nairobi kuelekea Rongai au Umoja, ni nadra wimbo kuchezwa hadi mwisho. DJ aliyetengeneza miksi huupa kila wimbo dakika moja, pengine na nusu, kisha huingiza mwingine, na abiria anayetupia jicho skrini huku akitafuta nauli mfukoni hana muda wa kusoma jina la msanii. Kinachomfikia ni picha: vijana waliosimama kwenye ngazi za ploti (nyumba ya kupanga ya mtaani), mpiga gitaa mwenye kofia ya kauboi, waimbaji waliovaa sare moja. Kwa picha hizo anajua papo hapo kwamba hii ni gengetone, rap ya makundi ya vijana wa mitaani, ile ni mugithi, muziki wa gitaa wa Kikuyu, na hiyo nyingine ni ya injili. Miksi zenyewe hutengenezwa kwa kufuata tanzu hizo hizo. Msanii mchanga wa Nairobi anapouliza video yake ifanane na nini, anauliza kwa hakika kwamba ataingia kwenye miksi ipi, na kama hataingia kwenye yoyote, atasikika wapi.

Ninapozungumzia kaida za utanzu nina maana ya mambo ambayo mtazamaji amekwisha kuyazoea na anayatarajia: mavazi, mahali, namna ya kucheza, mwendo wa kamera, rangi ya picha, hata idadi ya watu wanaosimama nyuma ya mwimbaji. Andrew Goodwin, msomi aliyechambua televisheni ya muziki katika kitabu alichokitoa mwaka 1992, alionyesha kwamba kila aina ya muziki huwa na sura zake kwenye video, na kwamba kampuni za kurekodi hudai uso wa msanii uonekane kwa karibu tena na tena, kwa kuwa video ni tangazo la biashara kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Alikuwa akiandika kuhusu ulimwengu uliotokana na MTV, kituo kilichoanza kurusha matangazo Marekani tarehe 1 Agosti 1981. Hata hivyo hoja yake inaihusu Nairobi moja kwa moja, kwa sababu madai hayo mawili, sura ya utanzu na sura ya msanii, hayaendi pamoja kila wakati. Katika video nyingi zinazopigwa hapa, la kwanza limelimeza la pili.

Tuanze na upande unaozitetea kaida, kwa sababu utetezi wake una nguvu kuliko wakosoaji wanavyokubali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watayarishaji wa muziki Ogopa Deejays walipokuwa wakiujenga mtindo wa kuchezeka ulioitwa kapuka, na studio ya Calif Records, iliyopata jina lake kutoka mtaa wa California karibu na Eastleigh, ikiwalea wasanii wa genge, yaani rap ya Sheng, kama Nonini na Jua Cali, video ilikuwa na njia moja tu ya kumfikia mtazamaji, yaani runinga. Mpangaji wa vipindi alihitaji kujua wimbo unakaa wapi. Msanii aliyejitambulisha kwa kaida za genge, yaani mtaa, Sheng na mavazi ya kila siku, alikuwa amemrahisishia mpangaji kazi na kumwambia kijana wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, kwamba wimbo huo ni wake. Hapakuwa na fedha za mabango wala za matangazo ya magazetini, na kaida ndiyo iliyoifanya kazi hiyo.

Gengetone ililithibitisha jambo hilo kwa nguvu zaidi. Mwaka 2018 kundi la Ethic, vijana wanne kutoka Umoja, lilitoa Lamba Lolo, na video yake ikapigwa mtaani kwa gharama ndogo sana ukiilinganisha na video za kifahari zilizokuwa zikitawala wakati huo. Kilichofuata kinajulikana: Ochungulo Family, Boondocks Gang, Sailors na makundi mengine mengi yalipita mlango huo huo. Tukumbuke kwamba kaida za gengetone hazikubuniwa na mtaalamu wa masoko. Zilitokana na uhaba. Marafiki walijaza fremu kwa sababu hawakudai malipo. Ngazi na paa la nyumba vilikuwa jukwaa kwa sababu havikukodishwa, na nganya ya dereva anayefahamika mtaani iliegeshwa kwa saa chache kabla ya kurudi barabarani. Mtazamaji wa Kayole au Dandora aliona mazingira anayoyafahamu, yakiwa yamepewa heshima ya kamera, na heshima hiyo ikamfanya aitume video hiyo kwa wenzake bila kuombwa. Hakuna kampuni ya matangazo ambayo ingeweza kuununua uaminifu wa namna hiyo.

Inafaa kutazama jinsi video kama hizo zinavyopigwa, kwa maana hapo ndipo mvutano kati ya utanzu na msanii unapoonekana waziwazi. Spika huwekwa chini, wimbo ukachezwa, na kila mwanakundi akasogea mbele ya kamera ubeti wake unapofika, akiufuatisha kwa midomo, wenzake wakiwa nyuma yake wakirusha mikono. Ubeti ukiisha anarudi nyuma, mwingine anachukua nafasi. Kwa wimbo wa kundi la watu wanne au watano, uso wa kila mmoja hupata sehemu ndogo tu ya muda wote, na hata katika sehemu hiyo muongozaji hukatiza kwa picha za wachezaji ili mwendo usipoe. Mkato wa haraka ni kaida ya utanzu. Kutulia usoni ni haja ya msanii. Muongozaji anayelipwa kwa kazi ya siku moja, na ambaye anajua video itapimwa kwa shangwe yake, huchagua mkato. Katika nyimbo za mapenzi mambo ni tofauti kabisa: wimbo huchezwa kwa kasi maradufu wakati wa kupiga picha, mwimbaji akaufuatisha kwa kasi hiyo, kisha picha zikapunguzwa mwendo ili midomo ilingane na sauti huku mwili ukionekana kuelea. Kaida hiyo ya upole humpa mwimbaji muda wa kutazamwa, na nadhani ni sababu mojawapo ya waimbaji wa mapenzi kukumbukwa kwa majina yao wakati wasanii wa makundi wanakumbukwa kwa kibwagizo.

Hapa ndipo upande wa pili unapoanza kuwa mzito. Kaida ni kama sare ya shule: ukimwona mtoto njiani unajua anasoma wapi, lakini hujui ni mtoto wa nani. Wakati idadi ya makundi ya gengetone ilipoongezeka, video zikawa na ngazi zile zile, moshi ule ule na mikono ile ile hewani, na mtazamaji wa kawaida akashindwa kulitofautisha kundi moja na lingine. Utanzu ulijulikana Afrika Mashariki nzima. Wengi wa walioujenga hawakujulikana. Miracle Baby, aliyekuwa katika kundi la Sailors lililovuma na Wamlambez mwaka 2019, baadaye aliingia kwenye mugithi, utanzu ambao mwimbaji husimama peke yake na gitaa mbele ya hadhira yake. Sababu za msanii kubadilisha njia huwa nyingi, nami sidai kuzijua zake, lakini hatua yenyewe inaonyesha ni wapi uso mmoja hupata nafasi ya kutosha.

Hasara nyingine ni ya kimaadili, na ndiyo inayonisumbua zaidi. Utanzu unapojaa, njia rahisi ya kutokea mbele ya wengine ni kuitia chumvi kaida iliyopo badala ya kuiongezea kitu kipya. Katika gengetone kaida iliyotiwa chumvi ilikuwa mwili wa mwanamke. Wasichana waliokuwa wakicheza pamoja na marafiki zao katika video za mwanzo waligeuzwa kuwa mapambo yasiyo na uso, kamera ikiwakata kuanzia kiunoni. Mwisho wa mwaka 2019 wimbo wa Tarimbo wa Ethic uliondolewa YouTube baada ya kulaumiwa kwa kuchochea ubakaji, na kundi likaomba radhi. Mwaka huo huo Ezekiel Mutua, aliyekuwa akiiongoza Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya, alikuwa ametaka Wamlambez, pamoja na Tetema ya Rayvanny na Diamond Platnumz, zichezwe katika vilabu na baa pekee. Lawama juu ya Tarimbo zilikuwa za haki kabisa. Kuhusu agizo la vilabu nina shaka, kwa kuwa lilizishika nyimbo mbili na kuuacha mfumo wa biashara unaomlipa anayeshtua kuliko anayebuni, na kwa kijana wa miaka kumi na sita anayetazama kwa simu, tamko la bodi lilikuwa tangazo jingine la bure.

Wapo wanaosema kwamba YouTube imewaweka wasanii huru, kwa kuwa hakuna tena mpangaji wa vipindi wa kumridhisha. Sikubaliani nao. Mfumo wa mapendekezo humwekea mtazamaji video inayoelekea kufanana na aliyotoka kuitazama, na kwa hiyo msanii anayefanana na wenzake hubebwa nao, ilhali aliye peke yake hana wa kumbeba. Mpangaji wa runinga aliweza kubembelezwa, aliweza hata kupenda wimbo wa ajabu na kuujaribu usiku. Mfumo wa mapendekezo haubembelezeki kwa namna hiyo, na umezifanya kaida kuwa na nguvu kuliko zilivyokuwa enzi za Ogopa.

Drill, aina nyingine ya rap, inalileta suala hili katika umbo lake gumu zaidi. Utanzu huu ulianzia Chicago mwanzoni mwa miaka ya 2010, ukapata sura mpya London na kisha New York, na ulipofika Nairobi ulikuja na kaida zake kamili: kofia za sweta, nyuso zilizofunikwa, ishara za vidole, magorofa nyuma. Huko London baadhi ya wasanii walifunika nyuso wasitambuliwe. Hapa barakoa imekuja kama vazi la utanzu, na inakwenda kinyume na kusudi lenyewe la kumtangaza mtu, kwa maana haiwezekani kuuza uso usioonekana. Isitoshe, kijana wa Eastlands aliyevaa hivyo barabarani usiku huweza kusimamishwa na polisi kwa mavazi tu, jambo ambalo halimpati muongozaji aliyekwisha kurudi kwake na kamera. Pamoja na hayo, siwezi kusema kwamba kaida hiyo imewaangusha wote. Buruklyn Boyz waliuunganisha mtaa wao wa Buruburu na Brooklyn katika jina lenyewe, wakautumia mtaa kama utambulisho, na sauti zao zikafanya kazi ambayo kwa wengine hufanywa na uso. Kaida iliagizwa kutoka nje, lakini mahali walipoipandikiza pana mwenyewe.

Mfano unaonisadikisha kwamba tatizo haliko kwenye kaida pekee ni wa zamani kidogo. Mwezi Machi 2010 Just A Band walitoa video ya Ha-He, iliyoazima bila kificho kaida za filamu za mapigano za miaka ya 1970: nywele za afro, mhusika asiyeshindwa, ngumi na mateke. Mhusika huyo, Makmende, alienea mitandaoni kwa kasi ambayo Kenya haikuwa imeiona, na vyombo vya habari vya kimataifa vikaandika habari zake. Wabunifu walizifahamu kaida vizuri kiasi cha kucheza nazo, na matokeo yakawa kitu cha Nairobi kabisa. Lakini hata hapo kuna funzo gumu kwa anayetaka kujitangaza: watu wengi waliomjua Makmende hawakuweza kulitaja jina la bendi. Video ilifanikiwa kisanaa na kiutamaduni, na kwa kipimo cha kumtangaza msanii ilifanikiwa nusu.

Kuhusu injili nitasema kwa ufupi, kwa kuwa huko kaida zina uzito wa ahadi. Willy Paul na Bahati walijulikana kwanza kama waimbaji wa injili, na walipoanza kutoa nyimbo na video za mapenzi, mjadala ulihusu picha na mavazi kama ulivyohusu maneno. Hadhira ilihisi kwamba makubaliano yamevunjwa. Waliendelea kuwa na wafuasi wengi, lakini haikuwezekana kubadilisha sura ya video bila kubadilisha hadhira.

Nikipima pande zote mbili, naona kwamba kaida inamfaa msanii kwa muda mfupi mwanzoni, inapomtafutia mahali kwenye miksi, na kwamba faida hiyo huanza kugeuka hasara kuanzia video ya pili au ya tatu ikiwa hakuna kitu ndani yake kisichoweza kuhamishiwa kwa msanii mwingine. Rapa wa kike Femi One aliposhirikiana na Mejja katika Utawezana mwaka 2020, alisimama katika nafasi ambayo genge kwa miaka mingi iliwapa wanaume, nafasi ya anayezungumza, huku mwanamume mkongwe wa utanzu huo akiwa mgeni wake. Kaida zote zilikuwepo. Kilichobadilika ni nani aliyeshika usukani, na hicho ndicho watu walichokikumbuka. Arbantone, inayorudisha midundo ya miaka ya genge na kapuka, sasa inarudisha pia picha zake, zikiwemo nganya na uchezaji wa mtaani. Wasanii wake wana bahati kwamba hadhira tayari inazipenda picha hizo, na wana hatari ile ile iliyowakuta watangulizi wao wa gengetone. Bajeti inapobakisha fedha za jambo moja tu, nyingi huenda kwenye kukodi gari ambalo wiki ijayo litaonekana katika video ya mwingine. Fedha hizo zingetosha kumlipa muongozaji nusu siku zaidi, akae na kila mwanakundi kwa zamu, amwache amalize ubeti wake wote mbele ya kamera bila kukatizwa, na apige picha nyumbani kwake au kazini kwake, mahali ambapo hakuna kundi jingine lenye sababu ya kwenda.