Nyota ya Kaskazini Imekatisha Ruti

Mimi ni fundi cherehani wa Mbagala, nina miaka 47 na watoto wanne, na mpaka leo sijui ni shetani gani alinituma kujiandikisha kozi ya elimu ya nyota kwenye intaneti. Eti bure. Bure! Bando la wiki nzima lilikwisha Jumanne kwa video moja ya profesa mmoja wa Marekani anazungusha chungwa mbele ya taa ya mezani, kutuonyesha usiku unavyoingia. Ningejua, ningenunua chungwa la mia tatu nikalizungusha mwenyewe, halafu nikalila.

Kazi ya kwanza ya nyumbani ilisema hivi: kwa kuwa ni majira ya baridi, vaa nguo nzito, toka nje, uitafute Nyota ya Kaskazini. Nguo nzito. Dar es Salaam. Januari! Mwezi ambao mimi nalala sakafuni kama mjusi, nimelowesha kanga ya mke wangu nikajitandika kifuani.

Haya, nikatoka uani na singlendi. Nikauliza simu kaskazini ni wapi, ikanielekeza upande wa bafu letu la nje, lile lisilo na bati juu. Nikasimama hapo, shingo nimeinyoosha, macho nimeyatoa, nusu saa nzima. Nitajuaje kama Mama Vitumbua yumo ndani anaoga?

Kesho yake kikao cha wapangaji. Nikajieleza: jamani, nilikuwa natafuta nyota. Mzee mwenye nyumba akavua miwani taratibu. "Baba Asha, nyota gani hiyo inayokaa bafuni?"

Kumbe hata ningesimama pale mpaka Ramadhani nisingeiona. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, na ile nyota kwetu imezama chini ya upeo wa macho, haichomozi milele. Tena walitufundisha kwamba mwanga wake unasafiri kama miaka 430 kufika duniani. Yaani uliondoka kule enzi za Wareno wanahangaika na Fort Jesus pale Mombasa, miaka ya 1590, ukaja mwendo wa kilomita laki 3 kwa sekunde, bila kulala, bila kuchimba dawa, halafu umefika usawa wa Nanyuki, pale kwenye ikweta, ukagoma. Kama daladala linalokatisha ruti: mwisho hapa, shukeni wote!

Nikasema basi, nitajikomboa kwenye jaribio. Swali: kwa nini kuna majira ya joto na ya baridi? Nilikuwa nimesoma kwamba mwanzoni mwa Januari dunia iko karibu zaidi na jua, kilomita milioni 147, na Julai inasogea mbali, milioni 152. Nikashangilia peke yangu kibandani mpaka mteja akaogopa. Ndiyo maana najikamua jasho! Nikaandika: joto ni kwa sababu jua limesogea. Sifuri. Eti sababu ni kwamba dunia imeinama, nyuzi 23 na nusu. Huo mwezi ambao jua limesogea, kwao ndio wanakoka moto. Sasa kitu kimeinama miaka yote hiyo na kila mtu anajua, hakuna aliyefikiria kukiwekea kigae? Cherehani yangu ilikuwa hivyohivyo, nikakunja boksi la viatu, ikatulia.

Bado Mama Vitumbua. Baada ya kuambiwa kwamba mimi kweli nasoma nyota, hasira zikamwisha, akaanza heshima ambayo sikuielewa. Shikamoo, na tuko rika moja. Siku ya tatu akanivuta pembeni: "Baba Asha, biashara yangu imedorora. Kuna mtu kaichafua nyota yangu. Nisafishie." Nikamweleza kwamba hii ni elimu ya falaki, si uganga. Akatikisa kichwa kwa kunielewa sana. Akauliza ni kuku wa rangi gani.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa moja kwa moja, saa moja jioni ya Chicago, ambayo kwetu ni saa kumi alfajiri. Nikaamka, nikanawa uso, nikawasha kompyuta ya kuazima isiyo na betri. Swali la kwanza: jua likizimika sasa hivi, sisi tutajua baada ya muda gani? Hilo nalijua! Dakika 8 na ushei! Nikapeleka kidole, umeme ukakatika. Jua lenyewe linakupa dakika 8 za kuanua nguo. Umeme wa mtaani kwetu haukupi hata ya kubofya.

Nikatoka uani nikitukana kimoyomoyo. Giza totoro, hakuna taa mtaa mzima, na juu, aisee, nyota zimemwagika kama chenga za chumvi. Upande wa kusini, juu ya banda la kuku, Msalaba wa Kusini, lile kundi la nyota, umesimama wima, ule ambao kozi nzima iliutaja kwa sentensi moja.

Mama Vitumbua naye alikuwa ameshaamka kukoka mkaa. Akanikuta nimeduwaa hivyo. "Umeiona?"

Nikatazama ndoo yake ya unga, nikatazama juu. Nikamwonyesha ile ya chini kabisa ya Msalaba, yenye kung'aa kuliko wenzake. "Ile pale. Haina hata vumbi."

Mtihani nimefeli. Jogoo alikuwa mwekundu, tulimla Jumapili.