Peku kwa Hiari

Habari zilimfikia mama kabla yangu. Jirani aliyekuwa akirudi kununua samaki alinikuta ufukweni, suruali nimeikunja, natimua mbio bila kiatu. Akapita barazani kwetu kutoa taarifa. Nilipoingia uani mama aliniangalia miguu kwanza, uso baadaye.

"Baba, zile raba umeuza?"

Sikuuza. Zimo uvunguni, raba za mtumba za bei ya kuumiza, sponji ya nyuma nene kama godoro. Nilizinunua kwa sababu kila asubuhi nikiteremka kitandani kisigino kilichoma kama nimekanyaga msumari, na muuzaji aliapa kwamba hizo ndizo dawa. Nikakimbia nazo miezi minne, kisigino kiko vilevile. Halafu siku moja ya bamvua, maji yamekupwa hadi ngalawa zimelala ubavu, nikazivua kwa kuogopa kuzilowesha tu. Nikazishika mkononi, nikaanza kukimbia polepole kuelekea Kaole.

Anayeishi Bagamoyo anaujua mchanga ninaousema. Maji yakishatoka unabaki mgumu, wenye mikunjo midogo kama paa la bati, na vidimbwi vilivyokwisha kupata joto la jua. Hatua mbili baridi, ya tatu vuguvugu, ya nne unakanyaga kombe na mguu unajiondoa wenyewe kabla kichwa hakijaambiwa. Nilikuwa nimesahau kwamba nyayo zina habari za kuleta. Kelele ya raba, ile pa-pa-pa, haikuwepo. Nilisikia kitu kama mtu anapapasa ukuta gizani. Hatua zilikuwa fupi na nyepesi, wala sikuwa nimezipanga hivyo.

Kesho yake nilishuka ngazi za ofisini kinyumenyume, vigimbi vimekaza kama kamba ya jahazi. Hilo wanaosifia peku hawalitangulizi. Ukivaa sponji nene unaweza kurusha mguu mbele na kutua kwa kisigino bila kuumia papo hapo. Ukivua, kisigino kinagoma, unafupisha hatua na kutanguliza sehemu ya mbele ya unyayo. Mzigo hauondoki, unahamia kwenye kigimbi na ule mshipa mnene wa nyuma ya kifundo. Mtu aliyevaa viatu miaka 30 akivua leo na kukimbia kilomita 10, kesho atatafuta mkongojo. Mimi nilianza upya kwa dakika 5, siku moja moja, na bado niliumia.

Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la Nature. Walionyesha kwamba waliozoea kukimbia peku, wakiwemo Wakalenjin wa Kenya, mara nyingi hawatui kwa kisigino, na mshtuko wa mguu kugonga ardhi kwao ni mdogo. Dunia ikashangilia, viatu vyembamba vikauzwa kama maandazi ya asubuhi. Mwaka 2013 watafiti wengine wakawapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, nao ni watu wa peku tangu utotoni. Kwa mwendo wao wa kawaida wa masafa marefu, wengi wao walitua kwa kisigino. Kwa hiyo mtu akikuambia binadamu wa asili hukimbia hivi, muulize binadamu yupi. Kampuni ya Vibram, inayotengeneza vile viatu vyenye vidole kama glavu, ilishtakiwa Marekani kwa madai ya faida za kiafya. Mwaka 2014 ikakubali kutoa dola milioni 3.75 kuimaliza kesi, bila kukiri kosa.

Na kila penye mazungumzo haya lazima aletwe Abebe Bikila. Roma, 1960, Mwethiopia peku anashinda marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Nani asiyejivunia? Lakini hadithi hukatwa hapohapo, kana kwamba mtu yule alikufa siku ile. Mwaka 1964 alishinda tena, Tokyo, wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Alitumia saa 2, dakika 12 na sekunde 11, amevaa viatu. Zaidi ya dakika 3 zimepungua. Hiyo ya pili sijawahi kuiona kwenye fulana.

Kinachonikera ni ile hewa ya utakatifu, eti mababu zetu walijua siri. Jamani, siri gani? Mji huu ulipokea misafara kutoka Tabora na Ujiji, wapagazi wenye mizigo ya kilo 30 hivi kichwani au begani, wengi wao peku, wachache na ndara za ngozi. Waliotoka Ujiji walitembea zaidi ya kilomita elfu moja. Mmoja wao angeambiwa achague kati ya siri ya mababu na jozi ya viatu imara, sidhani kama angefikiri muda mrefu. Mama yangu alianza shule peku. Kiatu chake cha kwanza kilikuwa cha Idi. Alikivaa siku ile, kikarudi kabatini kusubiri Idi nyingine, na Idi nyingine ilipofika mguu ulikuwa umekizidi. Kwake peku si mazoezi. Ndiyo maana aliuliza kama nimeuza raba, na swali lake lilikuwa la haki. Minyoo ya safura huingia kwa ngozi ya unyayo, pepopunda hupitia jeraha, na mjomba wangu mwenye kisukari alikanyaga kipande cha chupa akakigundua jioni kwa kuona damu kwenye mkeka. Mtu wa kisukari asidanganywe na mimi wala na yeyote: avae viatu, hata chumbani.

Raha ya peku, basi, ni ya mtu mwenye raba uvunguni. Nakubali, na bado naipenda. Kisigino kimepoa, ingawa siapi kwamba ni mchanga. Nilipunguza pia kilo, na sikimbii tena kila siku.

Barabarani sithubutu, kuna mbigili na lami ya saa sita. Huko navaa makubazi. Wenzangu wengine wanapenda katambuga za tairi chakavu, nami nazikubali kwa uimara, ila uzito wake unanishinda. Kubazi limelala chini, halina kisigino cha kunyanyua, vidole vinakaa vinavyotaka, na likikatika mkanda fundi anashona nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja nimeshikilia mlango wake. Bibi yangu alivaa mtalawanda uani, kiatu cha mti kinachoshikwa kwa vidole kwenye msuruaki, kile kijiti cha mbele. Kubazi lina huruma zaidi. Fundi wangu hapimi kwa namba. Unakanyaga ngozi, anachora mguu kwa kalamu, kushoto na kulia kila mmoja kivyake, kwa kuwa anasema hakuna mtu mwenye miguu pacha.

Tatizo la makubazi ni kwamba yanafanana. Ijumaa iliyopita nilitoka msikitini nikakuta yangu hayapo, na yaliyobaki mlangoni ni ya mtoto. Nikarudi nyumbani saa saba na nusu mchana, kanzu nimeishika juu, nikirukaruka kutoka kivuli hadi kivuli, na lami inachemka. Mama alikuwa barazani. Safari hii hakuuliza kitu. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na ndala zake za bafuni, zile za waridi, akazitupa mbele yangu.

Nikavaa.