Ateri ya Moyo Iliyochipuka Upande Usio Wake: Kupasua au Kuacha?

Mwezi Januari 1988, Pete Maravich, aliyecheza mpira wa kikapu wa kulipwa nchini Marekani kwa misimu 10, alianguka uwanjani na kufa akiwa na miaka 40, na uchunguzi wa maiti ukabaini kuwa alizaliwa bila ateri ya kushoto ya moyo, mojawapo ya mishipa inayopeleka damu kwenye misuli ya moyo wenyewe. Wanaotaka kasoro hizi zisakwe mapema hukitaja sana kisa hiki, ingawa kinaonyesha pia jinsi moyo wenye kasoro unavyoweza kuhimili miaka mingi ya kazi nzito.

Takriban mtu 1 kati ya 100 ana kasoro fulani ya ateri za moyo, na nyingi hazimdhuru. Mtoto mchanga ambaye ateri yake ya kushoto imechipuka kwenye ateri ya mapafu hana mjadala: hupasuliwa. Utata unaanzia pale ateri inapochipuka upande usio wake wa aota (mshipa mkuu unaotoa damu moyoni), kisha ikapenya katikati ya aota na ateri ya mapafu, mara nyingi mwanzo wake ukiwa umefichika ndani ya ukuta wa aota na tundu lake likiwa jembamba kama ufa. Mtu akikimbia, njia hiyo hubanwa wakati uleule misuli ya moyo inapohitaji damu zaidi.

Iwapo ateri hiyo ni ya kushoto, inayolisha sehemu kubwa ya moyo, nakubaliana na wanaopendekeza upasuaji kwa kijana hata kabla ya dalili kujitokeza. Ile ya kulia ndiyo inayonipa shida. Huonekana mara nyingi zaidi, lakini huua mara chache zaidi, na upasuaji wenyewe unaweza kuijeruhi vali ya aota, yaani mlango unaozuia damu kurudi moyoni, ikaanza kuvuja. Wapasuaji hujibu, na hoja yao ina uzito, kwamba wapo vijana waliokufa ghafla ilhali vipimo vyao vya mazoezi, yaani vya kupima moyo mtu akikimbia au kufanya kazi nzito, havikuonyesha hitilafu yoyote.

Hata hivyo, vifo vingi huwapata walio chini ya miaka 35 wakiwa katika mazoezi makali. Mtu mzima wa miaka 50, ambaye kasoro ya ateri yake ya kulia imeonekana kwa bahati tu kwenye CT skani, na ambaye vipimo vya mazoezi havionyeshi upungufu wa damu moyoni, sioni sababu ya kumfungua kifua. Kijana aliyezimia katikati ya mbio ni habari nyingine kabisa: huyo asirudishwe uwanjani mpaka chanzo cha kila ateri ya moyo wake kionekane wazi.